Madeleine Chola Aliyekataa Kufuta Watu

Marehemu Madeleine Chola alizaliwa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, tarehe 3 Mei 1928. Uzuri aliutoa upande wa mama. Mwenye shaka amtazame mujomba wake Rigobert, anayesoma maneno haya.

Mwaka 1936 baba yake alipata kazi ya reli, nao wakahamia Elisabethville. Alisoma kwa masista hadi mwaka wa sita. Mujomba aliachia wa tatu, mwalimu alipoishiwa na vya kumfundisha.

Tarehe 12 Agosti 1950 alifunga ndoa na Liévin Tshibangu, Mukasai, yaani mtu wa jimbo la Kasai, mchuuzi wa vitambaa. Shangazi zake walinuna: "Banaume ya huku kwetu habako?"

"Bako," akajibu. "Nilibaona bote. Njo maana."

Mwaka 1951 alianza kazi ya kufundisha bamama katika foyer social, nyumba ya mafunzo ya wanawake, ya mtaa wa Katuba. Mwaka 1959 walimu wa chuo kikuu waliomba foyer ishirikiane nao katika uchunguzi juu ya maisha ya nyumba za mtaa. Madeleine alikubali kwa masharti: anayeuliza swali ajibu yeye kwanza, na majibu yasomewe bamama kabla ya kupelekwa chuoni. Assistant, mwalimu msaidizi wa chuo, André, alikuja na tai shingoni, akauliza nani anatafuta chakula cha nyumba.

"Jibu wewe mbele," Madeleine akamwambia. "Kwako nani anakitafutaka?"

"Ni mama."

Bamama wakapiga kelele: "Basi utuletee mama yako, njo tutamuuliza!"

Akamleta kweli. Kuanzia siku ile kazi ilikwenda vizuri.

Kisha jimbo letu la Katanga likajitenga na Kongo. Mwaka 1961 Bakasai walitishwa, nyumba zao zikachomwa, wakakimbilia kambi ya wakimbizi, Liévin pia. Wakubwa wa chuo wakaamua uchunguzi umalizike na waliobaki mtaani peke yao. André aliwaletea bamama habari hiyo huku akitazama viatu vyake.

"Munafuta Bakasai?" Madeleine aliuliza. "Basi mufute na miye. Bwana yangu iko kule. Na ile kazi yote mufute, sababu ni ya bote."

Majirani walimwonya: "Mama Madeleine, utauawa bule." Kesho yake alimshika André mkono, wakaingia kambini. Aliketi chini kati ya wanawake, akaanza kujibu mwenyewe: "Miye nalala kule, bwana yangu analala huku. Na wewe, dada?" Alirudi kila juma mpaka nyumba zote za Katuba zilizokimbia zikasikilizwa.

Maji ya kambi yalimpa homa ya tumbo. Alilazwa hospitali mwisho wa Januari, akaaga dunia tarehe 9 Februari 1962. Siku hiyo André alikuwa amekuja kumwambia kwamba chuo kimekubali: Bakasai wamo. Madeleine alisema, "Basi mukabasomee majibu kambini mbele," akageukia ukuta.

Ameacha mume, Liévin; watoto wawili, Clément na Virginie; mujomba mmoja, bado kijana; na jamaa zote za Katuba zilizo kambini. Jana mtu mwenye cheo alimwomba mujomba aondoe jamaa hizo kwenye karatasi hii. Mujomba hakusoma sana, lakini kufuta watu hakufundishwa. Hawa hapa wamekuja, wamesimama mbele ya kaburi, nao watatia udongo wa kwanza. Anayechukizwa, njia ya kurudi ni ile.

Lala na amani, Madeleine. Sisi tutasema kwa sauti: wote wamo.