Uenyekiti Alioutamani Dina Kitundu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mfumbe macho kidogo, muuone mkutano wa kijiji chetu mwaka 1985, wanaume kwenye mabenchi, kina mama chini, nyuma yao, na mama mwenye neno anamnong'oneza mumewe, kisha mume anasimama kulisema.

Dada yetu Dina Samweli Kitundu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 kijijini Ulemo, akamaliza shule ya msingi hapo mwaka 1967, akawa mkulima wa alizeti na uwele, na tarehe 9 Septemba 1972 akafunga ndoa na Noel Msengi wa hapa kwetu, wakajaliwa Flora, Stanley na Michael.

Noel hakuona haya kubeba maneno ya mkewe, hata vijana walipomtania, "Baba Flora, leo umetumwa nini?", alijibu, "Nimetumwa kisima, jamani, sikilizeni." Alipofariki mwaka 1998, Dina alisimama mwenyewe mkutanoni, na mzee mmoja akamwuliza, "Mama Flora, kwani huna shemeji wa kukusemea?", naye akapiga goti, akasema, "Shikamoo, baba. Ninaye, ila kiu ni yangu."

Mwaka 1999 aligombea uenyekiti wa kijiji akashindwa, mwaka 2004 akashindwa tena, na mwaka 2009 wakubwa wakamsihi awaachie wanaume, achukue nafasi ya kina mama katika halmashauri ya kijiji, wakamwahidi kuwa zamu yake itafika uchaguzi ujao. Alikubali, akahangaika hadi kisima kikachimbwa, lakini uchaguzi ulipofika aliambiwa angoje tena. Tangu hapo, akitoka shambani, alikuwa akisimama kidogo mbele ya ofisi ya kijiji, akiitazama, halafu anajitwisha mzigo wake na kwenda nyumbani.

Mwaka 2023 alianza kuugua kisukari, akatibiwa hospitali ya Kiomboi, na asubuhi ya tarehe 3 Juni 2025 akaitwa na Mungu wake, mikononi mwa Flora.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa halmashauri na wa kwaya. Dada, lala, Bwana akupe raha yake.

Nanyi wapendwa, mmemsifu kwa uvumilivu, na ni kweli alivumilia, ila tunawaomba kwa upole mkumbuke jambo moja: hakupenda kungojeshwa, alitaka mumchague.