Moshi Mara Moja kwa Siku

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Lukozi. Na ninyi wageni mliopanda kutoka Soni asubuhi hii, ambao kona za barabara yetu bado zinawazungusha kichwa, kwenu asifiwe mara mbili. Mchungaji amenipa dakika chache, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Nitajitahidi.

Nimesimama kumshukuru Mungu kwa sufuria ya makande. Msigunegune huko nyuma. Wengine wanashukuru kwa kupona maradhi, nami nafurahi pamoja nao, lakini mimi Bwana alinikuta jikoni na huko ndiko alikoniokoa.

Nyumba yetu mnaijua, ipo kwenye mteremko, na kwenye mteremko wa ng'ambo ya bonde anakaa mama mkwe wangu, yule pale mwenye kitenge cha kijani. Mlangoni kwake unaona jiko langu lote. Na ninyi mnajua sisi watu wa milimani tulivyo. Hatumuulizi jirani kama amekula, tunatazama moshi juu ya bati lake. Ukitoka asubuhi, mchana na jioni, nyumba ina heri. Usipotoka, kabla jua halijazama habari imeshafika sokoni kwamba kwa fulani kuna njaa.

Basi mimi niliolewa na hofu ya moshi. Nilipika asubuhi, nikapika mchana, nikapika jioni, kila chakula kipya na kila moto mpya. Kilichobaki niliwamwagia kuku, kwa sababu kwetu nilifundishwa kwamba mke anayemlisha mume kiporo anamtangazia umaskini. Ndugu zangu, kuku wangu walikuwa wanene kuliko mume wangu, Baba Upendo! Na kuna mchana ambao sikuwa na cha kupika, nikawasha moto hivyo hivyo, nikachemsha maji matupu ili ng'ambo waone moshi. Watoto walikaa kuzunguka mafiga wakingoja chakula ambacho hakikuwemo. Hilo liliniuma, na linaniuma hata sasa ninapolisema.

Halafu ukaja ule msimu ambao kabichi tunazolima zilijaa soko lote hata ukimpa mtu bure anakuuliza nani atambebea. Kuni za kununua zilikuwa zinatumaliza, maana msituni haturuhusiwi kujiokotea kila siku. Mume wangu akazunguka uani siku nzima, na jioni akasema, "Mama Upendo, tumuuze Tumaini."

Tumaini ni mtamba wetu. Mama mkwe alitupa akiwa ndama, siku mtoto wetu wa kwanza alipobatizwa, akasema maziwa yake yatawakuza wajukuu. Msimu ule wa kabichi Tumaini alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kumuuza ni kuuza maziwa ya wanangu kabla hawajayanywa, na ni kumtazama yule mama usoni kwa aibu maisha yangu yote. Dalali alikuja, akampapasa mgongo, akasema atarudi siku ya gulio.

Niliomba, ndugu zangu. Niliomba nikikata majani ya ng'ombe, niliomba nikiteka maji. Nilitegemea Mungu atamtuma mtu, au bei ya kabichi ipande. Hakumtuma mtu. Alileta mvua.

Mvua ile ililowesha kuni zangu zote. Usiku nilikuwa nimeloweka mahindi na maharage, asubuhi nikayabandika, yakachemka vizuri kwa muda, kisha moto ukafa na haukukubali tena hata nilipopuliza mpaka machozi yakanitoka. Na shambani nilikuwa nahitajika. Nikasema, basi angalau yasipoe. Nikachukua tenga la kabichi la mume wangu, nikatandika majani makavu ya mgomba, nikaitumbukiza sufuria ikiwa na mfuniko wake, nikaifunika gubigubi kwa mablanketi makuukuu, nikaenda zangu nikinung'unika.

Niliporudi mchana nilifunua nikitegemea mahindi magumu kama mawe. Mvuke ukanipiga usoni! Makande yameiva laini, yanapondeka kwa ulimi, bila kijiti kimoja cha kuni. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko nikacheka peke yangu. Hapo nikaelewa kwamba jibu la maombi yangu lilikuwa limekaa ndani ya tenga.

Tangu siku hiyo nikawasha moto mara moja, alfajiri. Napika sufuria kubwa, tenga linamalizia. Siku ya kwanza tunakula makande yenyewe. Yanayobaki, baridi yetu ya Lukozi ndiyo friji, na kesho yake nayakaanga kwa kitunguu, karoti na nyanya, nayachemsha mpaka yatokote sawasawa, wala hakuna anayejua kwamba ni ya jana. Yakibaki tena kidogo naponda na viazi. Ugali wa usiku naukata vipande, naukausha kwenye kikaango, watoto wanaunywea chai. Kuku walikonda, na hela ya kuni ikaanza kulala ndani ya nyumba.

Lakini mchana na jioni moshi haukuonekana. Na kabla ya siku ya gulio, nikamwona mama mkwe anashuka bonde na kupanda kwetu, mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, mama."

"Basi mna njaa. Mbona mchana sioni moshi?"

Nikataka kukimbilia kuwasha moto, maana mgeni hapewi kiporo, sembuse mama mkwe. Akanizuia. "Nimepanda mlima, nasikia njaa sasa hivi. Hilo tenga lina nini?"

Nilimpakulia. Makande ya jana, ndugu zangu! Alikula, akakomba sahani, akanyoosha mkono nimwongeze. Nikaona bora niseme yote: moshi, maji matupu, dalali, Tumaini. Akaiweka sahani chini.

"Mwanangu," akasema, "mimi nakaa peke yangu, chakula cha mara moja kinanitosha siku nzima. Nawasha moto mara tatu kwa sababu wewe unawasha mara tatu. Niliogopa utasema mama mkwe wako anakufa njaa."

Tukacheka mpaka Baba Upendo akaja mbio kutoka shambani. Miaka yote ile, wanawake wawili tumechoma kuni kutishana kwa moshi!

Dalali alipokuja siku ya gulio, mume wangu alimkaribisha makande. Alikula sahani mbili, akashukuru, akaondoka bila ng'ombe. Tumaini alizaa salama. Chai mtakayokunywa baada ya ibada ina maziwa yake.

Ndugu yangu unayeomba na huoni jibu, usichoke. Mtumaini Bwana, halafu kaangalie vizuri nyumbani kwako, hata kwenye kile unachokionea aibu. Alipowalisha watu wengi kule mlimani, hakutaka makombo yapotee. Mimi nani niyamwage?

Tenga langu liko pale mlangoni, sufuria imeingia humo alfajiri, itatutosha. Na kesho mkitazama upande wetu wa bonde, mtaona moshi mara moja kwangu na mara moja kwa mama. Msituletee kuni. Njooni na sahani.