Stany, Toa Mwenze mu Kundi ya Bageni

Mukaribie kitanda, batoto bangu, Stany na Simone, na weye Mama Mbayo, muke yangu, acha kwanza hiyo sufuria, juu pumzi yangu iko kidogo na maneno iko mingi. Nyumba hii ya Dilala ni ya mama yenu mpaka mwisho wake. Sibere, ile duka ya internet, ni ya Stany. Chumba ya fotokopi ni ya Simone na bwana yake Mwenze, ule pale ku mulango. Hapo hakuna palabre, hakuna ugomvi. Palabre iko ku kile kisanduku ya ku ukuta.

Stany, mi njo nilikufundisha kazi ya pare-feu, ule mulinzi wa internet. Kisanduku iko na matundu, kila tundu na kable yake. Mutu wa akili hachoke kuandikia kila tundu sheria yake. Anaweka matundu ya kazi moja mu kundi moja, kisha anaandika sheria kwa kundi: ba nyumba baongee na mashine ya kuchapisha, bageni baone internet tu, ba inje bagonge kwanza. Na tundu moja haingie mu makundi mbili. Nilikuambia, kundi inafuata kazi. Weye umefanya nini? Umetoa kable ya shemeji yako mu kundi ya nyumba, ukaitupa kwa bageni, pamoja na banafunzi banaokuja sibere kwa Facebook! Tangu siku ile Mwenze anatuma karatasi, mashine inamuangalia tu. Mutu muzima anapita mu parsele, kiwanja yetu, na clé USB mukononi sawa mutu anaomba chumvi.

Sababu naijua. Mwenze ni mutu wa hapa Katanga, na batu ba hapa njo balitufukuza sisi ba Kasai. Ulikuwa mutoto, uliona. Mi pia niliona, na roho inaniuma mpaka leo. Kazi ya mugodi ilikuwa inaanguka, njaa imeingia, bakubwa bakatafuta mutu wa kumutwika lawama. Ku gare ya treni bakatupanga: ba Kasai huku, ba Katanga kule. Mama yenu, mutoto wa Katanga kabisa, bakamuambia, mama, weye bakia. Akabajibu: "Bwana yangu hajue hata kuchemsha maji, mutamupikia benyewe?" Akapita kwetu na sufuria ku kichwa, na kijana moja wa fimbo, wa bale balikuwa banatufukuza, akamubebea mukeka. Miaka ilipita, tukarudi hapa.

Sasa kama unapanga kable kwa kabila, endelea basi: toa telefone ya mama yako mu kundi ya nyumba. Na yako, weye uliyezaliwa na sisi bawili, tuikate katikati? Tundu moja, kundi moja, Stany!

Usicheke. Enda, fanya sasa, nikiwa ningali nasikia. Sitabariki mutu kabla mashine haijalia. Simone, maji kidogo... aya, inatosha.

Sikia! Mashine inaamka. Karatasi za Mwenze zilikuwa zinangojea pale. Lete ya kwanza. Lete, Stany, mbona unaificha ku mugongo? Eee! Foto yangu! "Familia Badibanga, na huzuni mukubwa..." Ni tangazo ya kifo changu! Mwenze, usikimbie, rudi hapa! Uliituma ile siku nilianguka ku douche nikioga, si vile? Mukwe yangu, unafanya haraka sana. Lakini usilie. Tarehe ameiacha wazi, muone, amenipa nafasi. Stany, mugeni gani anapoteza wino juu ya maziko yangu?

Mubadilishe tu foto, hapo niko mudomo wazi. Simone, angalia mama yako asikae peke yake jioni. Mungu abachunge, abape kazi na usingizi... Pumzi inakwisha, batoto. Stany, sogeza kiti, kaa na shemeji yako. Karibu zaidi. Nasema karibu... mukono wako, mupe. Vile. Sasa mubarikiwe bote, bote ba nyumba.