Iko Zima, Usizime: Risala ya Wagonjwa wa Kifua wa Koboko

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari Norah uliyetujia kutoka Arua. Viongozi wa dini na wa serikali. Ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Kaya, Sudani Kusini, na kutoka Kongo: amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yenu.

Makaribisho

Tumefurahi kukuona, wala hatufichi kwamba tunaogopa. Ratiba inasema baada ya risala hii utabonyeza kitufe na kuizindua rasmi kompyuta ya picha za kifua, ambayo tumekwisha kuitumia. Nasi tumesikia habari iliyokufikia kabla yetu: kwamba mashine imekufa, na gari lako litarudi nayo Arua.

Historia na mafanikio

Zamani kila mwenye kikohozi alipelekwa Arua, na wengine walirejeshwa wamefunikwa shuka. Mashine ilipokuja, tulipigwa picha hapa hapa, dawa zikaanza mapema. Wengi unaowaona wamesimama leo wangekuwa chini ya udongo.

Changamoto

Kioo cha kwanza cha kompyuta kilipasuka, tukaletewa kipya chenye waya wa kidijitali. Tangu hapo, mashine ikiwashwa feni huvuma, taa huwaka, na kioo hubaki cheusi. Tulibadilisha waya. Tuliuhamishia tundu jingine. Tuliwasha kioo kwanza, mashine baadaye. Giza ni lile lile: huyu anasoma Ikhlasi, yule anasali Baba Yetu, na hakuna kitu, kisha picha hutoka ghafla, mashine ikiwa imekwisha kuamka. Hivyo tulijua kwamba mashine na kioo havisikilizani wakati wa kuamka tu. Lakini siku mashine itakapoandika swali kiooni kabla ya kuamka, nani atalisoma gizani?

Na kosa letu ni hili. Juma lililopita Sista Kavira, mpiga picha wetu, alisikia feni, akapaza sauti: "Iko zima! Iko zima!" Askari wetu Ladu, aliyekuwa kwenye swichi ya ukutani, akaizima.

"Ladu! Umefanya nini?"

"Si umesema zima?"

"Nimesema iko zima, mutu wa Mungu! Muzima kama wewe!"

"Basi Sista, siku ingine sema iko na uhai."

Tulicheka. Kicheko kilitukaukia mdomoni, kwa maana mashine iligoma kuamka hadi kesho yake. Jana nao umeme ulikatika, na hakuna miongoni mwetu aliyethubutu kuiwasha.

Maombi

Tunaomba fundi wa kurekebisha mpango wa kuamka wa mashine, na kioo cha aina ya zamani cha kuwekwa akiba.

Tunamwombea pia Mama Kiden, aliyeketi mbele yako na kanga mdomoni. Anakohoa damu. Picha yake ya kwanza imo ndani ya mashine hii, na ya pili apigwe leo, ili Sista azilinganishe. Safari ya Arua hataiweza. Kutoka langoni hadi kitini alibebwa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, utakapobonyeza, kioo kitakuwa cheusi mbele ya wageni wote. Usikasirike, usibonyeze mara ya pili ukaizima, wala usimwite dereva aichukue. Tunakusihi usimame nasi gizani, usikilize feni.

Mola akupe subira ya mkono, aujaalie uamuzi wako kuwa rehema kwa wanaopumua kwa shida.

Ni sisi, mbele yako na kwa hofu,
Umoja wa Wagonjwa wa Kifua na Walezi Wao, Koboko.