Injini ya Kwenda Kwenye Nyota

Benchi la kando ya gereji lilikuwa limejaa, kahawa imeshamiminwa, na Gia, fundi wa giaboksi, alikuwa amejibanza pembeni. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kwenda nchi ya mbali kusomea injini za roketi, na tangu asubuhi alikuwa akimsubiri baba yake aseme ndiyo au hapana. Gia alikuja kijiweni ili asiseme lolote. Bahati mbaya, wenzake walishapata habari.

— Hizo roketi zitamfikisha mtu wapi? akauliza Kinyozi.

— Kwenye nyota, alijibu Profesa, ambaye hakuwahi kufundisha popote ila benchini hapo. Ile ya jirani kabisa, mwanga hutumia miaka minne na ushee kutoka huko hadi kwetu.

— Mbona karibu? Shemeji yangu kajenga choo miaka sita.

— Huo ni mwanga, bwana. Kwa roketi za leo ni maelfu ya miaka.

Gia akashindwa kujizuia.

— Tatizo mafuta. Ukiongeza mafuta umeongeza uzito, na uzito nao unataka mafuta.

— Achana na mafuta, akasema Dalali. Funga tanga pana kama mtaa huu, limulike kwa mwanga mkali kutoka huku nyumbani. Mwanga wenyewe utalisukuma.

— Na breki? akauliza Gia.

— Breki watajua watakaofika.

— Basi chombo kiwe mji mzima, akasema Kinyozi. Watu waoane humo, wazae humo, wafe humo. Mimi kazi ninayo, nywele hazikomi kuota.

Dalali alikuwa ameshaanza kugawa viwanja vya dirishani. Mshonaji wa duka la pili, mjamzito wa miezi ya mwisho, alikuwa amesimama kupumzisha mgongo.

— Samahanini, kaka zangu. Huyo mtoto atakayezaliwa katikati ya njia, akiuliza kwao ni wapi, mtamwambia nini?

Profesa alifungua mdomo, kisha akautilia kahawa. Dalali akaacha kugawa viwanja.

Gia akaweka kikombe chini, akaondoka bila kuaga. Mtoto wake, aliwaza njiani, hata aende wapi, akiulizwa kwao atataja mtaa, nyumba na mlango.

Alimkuta binti yake uani akiosha vyombo.

— Nenda, mama, akamwambia. Lakini ukifika, piga simu.