Tuta Mbele ya Nyumba

Katika gari la kwenda Tororo, bibi Awor alitega sikio. Mbele yake, Mugeni alikuwa akimlilia hali mzee aliyekaa naye.

"Kikundi chetu cha bustani kilinijengea tuta la mboji, refu kama mtu, mbele ya nyumba, tukalifunika majani ya mgomba. Majirani wakadhani ni kaburi la mume wangu, wakaja kuweka matanga!"

"Binti yangu, refu kama mtu? Hata mimi ningelia."

"Mume wangu yuko Kampala, mzima, ila simu yake imezimwa. Mama mkwe ameshafika kwangu Tororo, analia. Ataniamini?"

"Libomoe basi, aone."

"Baba, wakinikuta nachimba, si watasema nafukua maiti?"

Gari likasimama. Awor hakujua acheke au alie. Akampa Mugeni pole.