Mwalimu Alikuwa Oleta

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Machi 2019, Oleta Caudill alikaanga tufaha na soseji, akampakulia mumewe Estill, naye akaketi. Redioni mhubiri mmoja alikuwa akipiga kelele. Oleta alimsikiliza kidogo, akainuka, akamzima.

"Huyo anahubiri kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe," alisema.

"Labda kweli kapotelewa," Estill akamjibu.

"Basi akamtafute. Kula, chakula kinapoa."

Wakala. Adhuhuri Oleta alikwenda kuanika shuka, maumivu ya tumbo yakamkunja palepale kwenye kamba. Asubuhi ya namna ile hawakuiona tena.

Ratiba ya mazishi iliyochapwa kwanza na kanisa ilimtaja marehemu kuwa "msaidizi wa darasa la watu wazima". Estill aliposomewa neno hilo na binti yake, aliisukuma karatasi mbali kama mtu aliyeletewa maziwa yaliyochacha. Akasema zichapwe nyingine. Hizi mlizoshika ndizo hizo nyingine. Oleta hakuwa msaidizi wa mtu. Alikuwa mwalimu.

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1939 katika bonde la Sorrel Lick, Kentucky, mtoto wa tatu wa marehemu Hobert na Lula Sizemore. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Mama yake alishona mablanketi ya viraka.

Alisoma shule ya chumba kimoja mpaka darasa la nane, mwaka 1953. Mama yake akaugua, naye akarudi nyumbani kupika. Kusoma hakuacha. Kuta za nyumba yao zilibandikwa magazeti ili kuzuia upepo, naye aliyasoma yote, hata yale yaliyobandikwa kichwa chini. Mwaka 1971, akiwa na watoto wawili wa kulea, alifanya mtihani wa sekondari mjini, akafaulu.

Tarehe 14 Juni 1957 aliolewa na Estill Caudill, kijana wa mgodini aliyesoma majira matatu ya baridi, na hayo kwa sababu shuleni kulikuwa na jiko la moto. Siku ya ndoa bwana harusi alitia alama ya msalaba penye jina lake. Oleta hakucheka. Mungu aliwajalia Nadine, Truman, na Dewey, aliyefariki akiwa mchanga.

Oktoba 1972 mgodi ulipunguza watu, na wanaume wengi wakabaki nyumbani wasiojua kusoma hata barua ya kuwafukuza. Oleta akamwendea mchungaji wa wakati huo, akaomba chumba cha chini ya Kanisa la Baptisti la Sorrel Lick. Alipewa. Kilinuka ukungu, na kahawa yake ilikuwa mbaya. Kila Jumapili, kabla ya ibada, alifundisha wake kwa waume: kwanza kisomo, kisha Biblia. Watu wazima waliona haya, wakaficha vitabu ndani ya makoti. Akawaambia, "Mtu haibi anachopewa. Toeni vitabu, tuanze." Estill naye aliketi humo, akajifunza kuandika jina lake na kusoma polepole. Zaidi ya hapo kichwa chake kilikataa.

Katika majira ya baridi ya 1978 alikuja Garnet Slone, mtu wa miaka arobaini. Oleta alimfundisha kuanzia herufi ya kwanza. Baadaye Garnet akawa shemasi.

Mwaka 2008 kanisa lilipata mchungaji mpya, Brent Whisman. Huyu alisema si halali mwanamke kufundisha wanaume. Jumatano tarehe 14 Oktoba 2009 likaitishwa baraza la kanisa. Aliyesimama kusoma mstari wa Paulo wa kuwanyamazisha wanawake alikuwa Shemasi Garnet. Aliusoma wote, kwa sauti.

Oleta akamwambia mbele ya watu, "Umesoma vizuri, Garnet. Hukukwama hata mara moja."

Mikono iliinuliwa kumwondoa Oleta darasani. Mingi ilikuwa ya watu waliojifunza kuandika katika chumba kile. Waliopinga walitosha benchi moja. Estill alitoka nje, akatema mate kwenye changarawe.

Lakini hakuna mwanamume aliyetaka kuandaa somo kila wiki. Basi mchungaji akapata njia, kanisa likaipigia kura: Estill aandikwe mwalimu, aketi mbele kwenye kiti, na mkewe "amsaidie". Estill alikataa, akasema jambo hilo linanuka. Oleta ndiye aliyemwomba. "Wewe kaa tu, mzee wangu. Wale watu hawajamaliza kitabu."

Akakaa, miaka tisa, bila kusema neno. Kila Jumapili Garnet alichungulia mlangoni kuhakikisha kwamba kiti kina mtu.

Mwaka 2014 Estill aliugua mapafu. Oleta akaweka kofia yake kitini, akaendelea na somo.

"Dada Oleta, Ndugu Estill yuko wapi?" Garnet akauliza.

"Yuko kitandani. Kofia yake hii hapa, elimu yao ni moja."

Darasa lilicheka. Garnet alilifunga hata hivyo, likabaki limefungwa mpaka Estill alipopona. Yupo leo atakayewaambia kwamba hayo yalikuwa utaratibu. Yalikuwa uchafu, na uchafu hauwi safi kwa kufanyiwa kanisani.

Mwezi Machi mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Jina lake lilionyeshwa ukutani kila Jumapili ili aombewe. Wanawake wa darasa walileta maharage na mkate wa mahindi, wakafua, wakamgeuza kitandani. Wengine waliomba wakiwa makwao. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 18 Mei 2019, mchana, Estill akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na tisa.

Ameacha mume, Estill, binti, Nadine Fugate wa Dayton, Ohio, mwana, Truman wa Sorrel Lick, dada yake, Hester, wajukuu watano, na watu wengi katika bonde hili wanaoweza kuisoma karatasi hii wenyewe. Mungu ampe kupumzika. Amechoka.

Limebaki moja. Kanisa limetangaza kwamba darasa litaitwa kwa jina la Oleta, na kibao cha shaba kitawekwa mlangoni. Familia inakataa. Marehemu mwenyewe aliulizwa, tarehe 2 Mei, mchungaji na shemasi wakiwa wamesimama kando ya kitanda chake.

"Nani atafundisha?" akawauliza.

"Ndugu Garnet," mchungaji akasema. "Wanaume watupu. Kina mama watapata nafasi yao jikoni. Ila jina litakuwa lako, Dada Oleta."

Akafumba macho, wakadhani amelala. Kisha akasema:

"Andikeni la Estill. Mwalimu wenu si yeye? Si mlimpigia kura?"